Chupa Iliyofunguliwa

Rejeta ya gari la Nasra ilipopoa, fundi Mbaruku alileta chupa ya kulanti, dawa ya kupozea injini, ya kijani kibichi, kifuniko kimeshafunguliwa. Nasra akaiangalia kwa jicho la pembeni. Mbele yake kulikuwa na mlima mrefu usio na nyumba hata moja, na kwenye kiti cha nyuma mama yake mgonjwa alikuwa anahema kwa shida.

“Nitilie maji tu, fundi.”

“Maji yatachemka hujafika hata katikati ya mlima, dada. Hii inavumilia moto.”

“Mbona imefunguliwa?”

“Nimetia kwenye gari langu asubuhi hii. Mimi mwenyewe siendeshi bila hii.”

Gari la fundi, pikapu kuukuu, lilikuwa pale ukutani, boneti wazi. Nasra hakuomba ruhusa. Aliliendea, akafungua kifuniko cha rejeta, akachovya kidole. Maji matupu, tena mekundu kwa kutu.

Akageuka kwa hasira amwambie ondoa chupa yako. Chupa ilikuwa imeshainamishwa kwenye rejeta ya gari la Nasra, inamalizia matone ya mwisho, na mama yake ametoa mkono dirishani, anamshika fundi bega.

“Mungu akubariki, mwanangu.”