Dizeli kwa Mtamba

"Shikamoo mzee. Samahani, hatupokei fedha taslimu," nikamwambia Shilinde, nikimwonyesha kibao ambacho bosi alikuwa amekitundika kwenye pampu asubuhi ile kwa kuogopa majambazi. "Ni kuponi au hundi tu."

Lori alilokodi lilikuwa limezimika mbele yangu kwa kuishiwa dizeli, limejaa ng'ombe wa mahari ya mwanawe, na wakwe walikuwa wakimsubiri huko Malinyi.

Akazirudisha noti zake kwenye soksi. Akamwamuru utingo ashushe mtamba mmoja, kisha akamfunga mwenyewe kwenye pampu.

"Huyu si fedha taslimu."

Mtamba akaanza kulamba mpira wa dizeli. Bosi akatoka ofisini mbio, akifoka. Alipomfikia mtamba, akasimama kumkagua. Akampapasa mgongo, akambonyeza tumbo. Ule ulimi mrefu ukahamia kwenye mkono wake.

"Ana mimba huyu?"

"Ya miezi sita."

Bosi akatazama barabarani, huku na huku. "Mjazie tangi," akaninong'oneza. "Haraka, kabla hajabadili mawazo."

Nikajaza mpaka dizeli ikamwagika. Lori likanguruma. Shilinde akatoa kichwa dirishani.

"Ndama akizaliwa, mnifugie. Huyo ndiye chenji yangu."