Posho ya Hofu

Siku hizo askari wa akiba walilipwa posho kwa hofu. Bangili ya kuipima ilikaa mkononi mwaka mzima, na kila moyo ulipomruka askari, yenyewe ilihesabu, popote alipo. Wakubwa walisema hofu haina likizo.

Festo alitumikia siku mbili tu kila mwezi, huko mpakani. Mkewe, Gaudensia, alipoisoma hati ya malipo, siku zile mbili zilikuwa sifuri tupu. Posho yote ilitokana na mstari mmoja: Jumapili, saa saba mchana, nyumbani.

Akakumbuka. Ndiyo siku binti yao, Tumsifu, alipoangusha mfuniko wa sufuria, na baba yake akaingia uvunguni mwa meza, akitetemeka kama mwenye homa.

"Hawa wamekosea," alisema.

"Hawajakosea, Mama Tumsifu. Kule sishtuki tena."

Tangu hapo nyumba nzima ilinyata. Milango ilisindikwa polepole, na mtoto alicheka huku amejiziba mdomo. Posho nayo ikakauka. Muhula ulipoanza, Tumsifu alirudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na unga ulibaki wa siku moja.

Jumapili iliyofuata Festo alimtuma mtoto dukani. Akaketi mezani, akaikaza bangili juu ya mshipa, kisha akampa mkewe kisogo.

"Usiniambie ni lini," alisema.

Gaudensia alisimama muda mrefu nyuma yake, mfuniko mkononi, akiitazama shingo ya mumewe iliyokwisha kuanza kutoka jasho. Kisha akauachia.