Panya na Kitanda cha Kufumia

"Bibi, kitanda chako cha kufumia kinajaza ukumbi bure," alisema Panya mwenye nyumba. "Shuka moja unaifuma mwezi mzima. Kunguru analeta robota zima la nguo kwa siku moja."

"Kunguru akiacha kuja, mtavaa nini?" aliuliza Mnana, mfumi mzee.

"Atuache aende wapi?" Panya akacheka, akakipasua kitanda kuwa kuni. Mnana akahamia kibandani uani.

Kunguru alipata soko jingine, hakurudi. Nguo alizokuwa ameleta zilichanika upesi, na kipupwe kikamkuta mtoto wa Panya hana hata kipande. Panya akaenda kubisha kibandani.

Mnana alifungua mlango. "Nimebaki na sanda niliyojifumia. Mfunike mtoto, baba. Mimi mtanizika hivi hivi."