Jumanne za Seremala

Fundi cherehani alimfuata mumewe, seremala, akapanda ngazi hadi ghorofa ya pili, viatu mkononi, ili asimsikie.

Ilikuwa Jumanne ya nne. Kila Jumanne saa sita mchana seremala alifunga karakana, akajipangusa vumbi la mbao, akatoweka. Alirudi akinukia sabuni ambayo haikuwa ya kwao. Siku hizi alilala na fulana, na mkewe akimgusa mgongo anaruka kama aliyeunguzwa.

Mara moja tu fulana ilipanda, mkewe akaiona michirizi myekundu.

"Nani kakukwaruza?"

"Mbao, mke wangu."

Tangu lini mbao zikawa na kucha? Wivu ukamkaa kooni. Matonge mawili, ameshiba. Nguo alizojishonea mwenyewe zikawa zinamning'inia kama zimetundikwa kwenye msumari.

"Utajimaliza kwa ajili ya mwanamume," dada yake alimwonya.

Hata kazi ilimgeuka. Hariri za wateja zilinasa kwenye viganja vyake, vilivyokuwa vinene na mikunjo mikunjo kama vya mtu aliyefua kutwa. Akailaumu pasi.

Sasa alisimama nje ya mlango uliokuwa wazi nusu, akachungulia. Seremala alikaa kifua wazi, na nyuma yake mwanamke mbichi, nywele zimefungwa vizuri, alikuwa akimpitishia vidole mgongoni, taratibu. Tena anatabasamu.

"Kumbe ndiye huyu," fundi alisema, akaingia.

Seremala alilirukia shati lake. "Mke wangu, ngoja nikueleze. Huyu ni daktari wa ngozi."

"Na mimi ni rubani."

"Nina fangasi. Nilikuficha kwa sababu nilijua utasema nimeambukizwa na mwanamke."

Hapo ndipo fundi alipoliona koti jeupe kwenye kiti, na mizani pembeni. Lakini mwezi mzima wa wivu haupoi kwa koti. Mkono ulikuwa umeshapanda, ukashuka kumzaba kofi yule mwanamke.

Daktari aliudaka hewani.

Fundi alisubiri matusi. Hayakuja. Daktari alikikunjua kiganja, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakisugua kwa kidole gumba. Tabasamu lake likafifia. Akauomba na mkono wa pili.

"Mama, viganja viko hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya hizo Jumanne zenu. Kwani vina nini? Mgonjwa si yeye?"

"Mumeo amepona, leo nilikuwa namuaga," daktari alisema, bila kuuachia mkono. "Viganja vikigeuka hivi, huwa tunatafuta saratani tumboni. Hebu niambie, mama: tonge ukilimeza, linakwama wapi?"