Utepe wa Gavana

"Sista, usiuguse huo utepe!" mkurugenzi wa hospitali, mpwa wa gavana, alifoka. "Gavana anakuja Alhamisi kuukata mwenyewe."

Ilikuwa Jumatatu. Muuguzi Luningning alimtazama mtoto njiti aliyezaliwa alfajiri, mbavu zikimbonyea kila alipovuta pumzi. Mashine ya kumsaidia kupumua ilikuwa pale pale, mpya, imezungushiwa utepe mwekundu mpana.

"Enzi hospitali ikiwa chini ya serikali kuu kule Manila, mngeingoja miaka miwili," mkurugenzi akasema. "Sasa hospitali ni ya mkoa. Mjomba kasaini, siku nane imefika. Hata shukrani hamna!"

"Siku nane kufika, siku tatu kusubiri picha za mjomba wako. Huyu mtoto hana siku tatu."

"Kazi yako iko mkononi mwake. Unalijua hilo?"

Alilijua. Akachukua mkasi wa kukatia vitovu. Utepe ulikuwa mgumu, ukateleza, ukakatika alipojaribu mara ya pili. Akautumbukiza kwenye mfuko wa shati la mkurugenzi, kisha akachomeka plagi ukutani.

"Mpigie mjomba," alisema bila kugeuka. "Mwambie Alhamisi aje na utepe mwingine, na muuguzi mwingine."