Kufuli la Zahanati

Asubuhi redio ilipotangaza kwamba chama tawala kimerudi madarakani bila viti vya kutosha bungeni, Mwanakombo alichukua msumeno wa chuma akaenda zahanati. Alikuwa mkunga pale mpaka serikali ilipobana matumizi, ikamwachisha kazi na kutia mlango kufuli. Tangu hapo wanawake wawili walikuwa wamejifungulia njiani, na mmoja hakurudi nyumbani.

Karani wa wilaya, Bwana Shekue, alimkuta akikata.

“Dada, serikali ni ile ile,” alisema. “Amri haijafutwa.”

“Ni ile ile, lakini ilizoea kuamuru. Sasa itabembeleza kura hata kwa mbunge wetu wa upinzani, na sisi ndio tuliomtuma.”

“Basi ngoja ibembeleze.”

“Mimba haingoji, Bwana Shekue.”

Karani akapiga simu makao makuu kuuliza afanye nini. Iliita, ikaita tena. Kufuli likaanguka. Mwanakombo aliingia, akafungua dirisha moja baada ya jingine, na vumbi la miaka mitatu likamrukia karani usoni. Alikuwa bado ameweka simu sikioni, akitazama mwanamke mjamzito aliyekuwa akipanda kilima taratibu, mkono kiunoni.