Kifuniko cha Mama Mwenda

"Msichana na fizikia ni kama mimi na kufuma sweta," Mugendi alisema juu ya ua. "Uzi unaisha bure."

Jedidah, jirani yake, akamwambia ashukuru ua uko katikati yao.

Ugomvi ulikuwa wa Kathure, binti ya Mugendi mwenyewe. Alitaka kuchukua fizikia sekondari ya juu na babake alikataa kutia sahihi. Mfano wa Mugendi siku zote ulikuwa Mwenda, kijana wa Jedidah, aliyetafuna fizikia kama njugu. Mtaa mzima wa Kaaga ulicheka: baba anamsifu mtoto wa jirani, jirani naye anampigia debe binti wa huyo baba.

Siku hiyo Jedidah alikuwa na wageni wa chama sebuleni, na sufuria yake ya presha, ya kupikia githeri yao, mahindi na maharagwe, ilikuwa imegoma kufunguka.

"Haya, Baba Kathure," akasema. "Binti yako akiwalisha wageni wangu kabla ya Mwenda, unatia sahihi leo."

Mugendi akakubali mbio, asije akabadilisha maneno.

Jikoni, Mwenda alichora mishale sakafuni kwa chaki: mvuke umepoa, hewa ya nje inakandamiza kifuniko. Akapiga hesabu ya nguvu, akaomba kamba na mtu mzito. Mugendi alishakunja mikono ya shati.

Kathure aliishika sufuria masikio, akaitikisa, akasikiliza, akaiweka. Kisha akatoka zake kwenda kwa Hamda, mama yake Faiza, jirani wa upande wa pili, ambaye kwake watu hawakauki.

"Ameenda kulia," Mugendi akamnong'oneza Mwenda. Roho ilimuuma kidogo, ni mtoto wake. Lakini kamba alishaishika.

Walivuta. Wakapaka mafuta, wakavuta tena, Mugendi mguu ukutani, akihema kama ng'ombe wa plau. Mara kifuniko kikachomoka, naye akaenda chini chali, akitangaza ushindi wa wanaume mpaka wapita njia wakasikia.

Akachungulia sebuleni: viti vitupu. Akachungulia sufuria: maji na chumvi.

Kathure alikuwa amesimama mlangoni, mkononi sahani ya pilau.

"Hakuna aliyekumbuka kutia mahindi wala maharagwe, baba. Wageni wako kwa Mama Faiza, wanaongezwa. Njoo ule, na ubebe kalamu."